Hatua za Kupimwa

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, miaka michache baada ya kurudi Koboko kutoka uhamishoni Zaire, nilimpima binti yangu mwendo kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka saba, na mtindio wa ubongo. Mguu wa kushoto ulikanyagia vidole, kisigino kikibaki juu. Daktari mgeni aliyekuwa hospitali ya Arua alisema tumpe miezi sita. Hatua zisiporefuka, atakata mshipa wa kisigino aurefushe.

Mimi ni fundi cherehani. Mambo ya mwili nilijisomea. Kila Jumamosi mke wangu alikandika sakafu kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Kabla haijakauka, mtoto alivuka chumba kuja kwangu, nami nikapima nyayo kwa futi ya kushonea.

Jirani alichungulia. "Fundi, leo unashonea sakafu suruali?"

"Cheka tu, mama. Hii iko kazi."

Hatua ya kwanza ilikuwa sentimita ishirini na mbili. Mwezi wa sita wa kupima ilifika thelathini na moja, na kisigino kiliacha alama hafifu. Nilipeleka daftari Arua, pamoja na mtoto. Daktari alimtembeza, nikasimama mbele ya mtoto kama nyumbani, akaja vizuri. Daktari akasema hakuna haja ya kukata.

Jumatano moja mke wangu alikandika jikoni bila kuniambia. Nikakuta nyayo: vidole vitupu, na mburuzo. Nilipima mara tatu. Kumi na tisa.

"Hii nyayo ya nani?"

"Yangu, baba."

"Mbona ya Jumamosi iko refu?"

"Jumamosi natembea ya futi. Wewe unafurahi. Halafu mguu inauma mpaka jioni."

Mama yake alikuwa akimkanda mguu kila Jumamosi jioni. Alidhani maumivu ndiyo dawa yenyewe.

Daktari alikuwa amekwisha kurudi kwao. Mwingine alipokuja, mwaka wa pili, goti nalo lilikuwa limekaza, na binti yangu akitembea kwa kushika ukuta. Daktari huyo alisema kukata mshipa wa kisigino peke yake hakungesaidia tena.

Siku ile ya daftari nilirudi Koboko nikiwa na furaha, na pesa ya upasuaji mfukoni, nzima: shilingi elfu kumi na nne.