Mgonjwa wa Jumamosi

Majina ya wote ninaowataja hapa ninayo kichwani, hata la yule fundi aliyekuja siku moja tu kutengeneza friji yetu. Siyaandiki kwa sababu baadhi yao bado naishi nao nyumba moja, na chakula wanapika wao.

Kwa miezi minne nilikuwa mgonjwa wa Kiswidi, kila Jumamosi saa nne asubuhi, hapa Takoma Park, Marekani. Sikuwa na ugonjwa wowote. Mke wa mwanangu ni nesi, na mwanangu alikuwa amepewa uhamisho. Kampuni yake ya kule Sterling, yenye yale majumba makubwa ya kompyuta yasiyo na madirisha, ilikuwa inajenga mengine Uswidi. Huko nesi asiyefaulu mtihani wa kuongea na mgonjwa kwa lugha yao hapewi leseni. Basi akatafutiwa mwalimu, mama wa Kiswidi aliyestaafu unesi, anayefundisha kwa kompyuta. Mwalimu akataka mwanafunzi awe na mtu wa kweli mbele yake. Mwanangu akasema ana kazi. Mjukuu wangu wa miaka kumi na miwili, aliyekishika Kiswidi upesi kuliko mama yake, akachaguliwa kunitafsiria. Mimi nikachaguliwa kuugua.

Mimi nilitaka kujua jambo moja tu: naenda nao au siendi. Nilimuuliza mwanangu mara mbili. Mara zote mbili alisema, bado tunapanga, Mama.

Jumamosi ya kwanza yule mkamwana akaniita kwa jina langu. Jina tupu. Tangu nijifungue mtoto wa kwanza hakuna aliyeniita hivyo ila mama yangu mzazi, na karani wa uhamiaji aliyekuwa akisoma kwenye karatasi. Nikamuuliza anamwita nani.

"Mama, huko wote wanaitana majina. Hata daktari mkuu."

"Basi daktari mkuu akija, mwite. Mimi nimemzaa mume wako."

Mwalimu akataka kujua kuna nini. Akaambiwa mgonjwa ana maumivu.

Wiki iliyofuata ikawa ni mambo ya choo. Kwetu mke wa mwana haketi kwenye kitanda cha mama mkwe, sembuse hayo. Huyu akaniuliza macho kwa macho choo changu kilikuwaje, kigumu au laini, mbele ya mzungu na mbele ya mtoto. Nikamwambia amuulize mama yake kwanza, akishajibiwa ndipo arudi kwangu. Mjukuu alicheka mpaka akateleza kutoka kitini. Mama yake hakucheka. Wiki nzima aliniwekea sahani mezani bila kusema karibu, nami nikala bila kusema asante.

Lakini kila Jumamosi niliketi. Mgonjwa huambiwa mambo. Niliishia darasa la tatu, ila kitu nikikisikia hakinitoki, na ule mpangilio wao niliushika kumshinda mwenye mtihani. Nesi ajitaje. Akae. Aulize mgonjwa anajua nini tayari. Aseme neno lenyewe kwa ufupi, anyamaze. Mwishoni aulize ni nini kilicho muhimu kwa mgonjwa sasa. Aliporuka hatua niligonga meza kwa kidole, na hilo lilimchoma kuliko matusi.

"Mama, wewe ni mgonjwa, si mwalimu."

"Basi niponye."

Jumamosi ya mwisho kabla ya mtihani mwalimu alitoa zoezi la kumpa mtu habari mbaya. Mjukuu akanieleza: kuna mzee anatoka hospitali, aambiwe hatarudi kukaa na wale aliokuwa akikaa nao. Mwanangu alikuwa hapo jikoni na kahawa yake. Aliposikia hivyo akachukua mfuko wa takataka ambao haujafika hata nusu, akasimama nao kwenye mlango wa nyuma.

Mke wake alikaa. Akanishika mkono. Sauti aliyoitoa sikuwahi kuisikia ndani ya nyumba ile, nadhani huwa anaiacha hospitalini. Akasema maneno machache, akanyamaza kama alivyofundishwa. Nikamgeukia mjukuu. Akasema kwa Kiingereza kwamba hilo hataki kulitafsiri, akatazama sakafu.

"Sema kwa Kiswahili," nikamwambia mama yake.

"Ni mazoezi tu, Mama."

"Sema."

Mwalimu kwenye kioo cha kompyuta alikuwa amekunja mikono, anangoja.

"Hatutakwenda nawe, Mama. Huko hawatoi kibali kwa mzazi. Mwezi wa nane utarudi nyumbani, ukae kwa binti yako."

"Mmejua tangu lini?"

"Tangu Krismasi."

Wakati huo tulikuwa mwezi wa nne. Nikautoa mkono wangu. Nikamwambia amebakiza swali moja, aulize. Akatazama karatasi yake ingawa hakuihitaji, akauliza kwa Kiswahili ni nini kilicho muhimu kwangu sasa.

"Huyo mwenye mfuko wa takataka aje akae hapo ulipo, aniambie yeye."

Akainuka. Pale mlangoni walinong'onezana, na sikio langu bado ni zima: alimwambia mumewe kwamba amemfanyia kazi yake vya kutosha. Mwanangu akaja na mfuko mkononi. Nikamwambia auweke chini, akae, mgonjwa hasemeshwi na mtu aliyesimama. Akakaa. Akaanza na habari za wakili wao wa vibali, akaingia kwenye sheria, akasema Mama si unajua maisha, na alipofika kwenye tiketi alikuwa akiitazama kompyuta, si mimi. Alichukua muda mrefu.

Alipomaliza nilimwambia kwamba mke wake alisema vizuri zaidi, tena kwa maneno machache.

Mke wake alikuwa ametugeuzia mgongo, yuko kwenye sinki anaosha kikombe kimoja. Hakugeuka, wala sikusema ili ageuke.