Mihogo Iliyokua Daftarini

Enzi za Mwingereza, katika chuo cha ualimu nilichosoma upande wa Kisarawe, kila mwanafunzi alipewa matuta ya mihogo bondeni. Kila Jumamosi tulipima urefu wa mashina na kuandika daftarini. Mimi nilijiona msomi, jembe ni la wengine. Nilishuka bondeni wiki mbili. Zilizobaki nilipimia kitandani.

Matuta yangu yalikuwa ya mwisho, kando ya msitu, pamoja na ya mwenzangu wa kijiji cha Marui. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Basi tulikuwa watani. Siku moja alirudi na matope hadi magotini.

"Mtani, nguruwe wamepita. Yangu wamemaliza, yako wamemaliza. Utapima nini sasa, ndevu zako?"

"Yangu inaendelea kukua," nikamjibu, na Jumamosi hiyo nikaiongezea inchi mbili.

Yeye aliandika: imeliwa na nguruwe. Kurasa zilizofuata aliziacha tupu.

Mwalimu wa kilimo alikuwa na mguu mbovu. Alikagua madaftari, bondeni hakushuka. Mwisho wa muhula alitusimamisha mbele ya darasa.

"Nguruwe gani huyu," alimuuliza mwenzangu, "anakula yako, anaruka ya jirani?"

"Ya mtani wangu ililiwa siku ileile, Mwalimu. Huyu anapima usingizini."

Darasa zima likaangua kicheko. Nani anashika neno la mtani? Angesema nimekufa jana, wangeniuliza mimi nimezikwa wapi.

Mwalimu akanigeukia. "Ni kweli?"

"Ndivyo walivyo watani, Mwalimu," nikasema, nami nikacheka.

Mwenzangu alifukuzwa kwa uvivu na uongo. Nilimbebea sanduku lake la bati hadi barabarani. Mimi niliyejaza kurasa kumi na moja juu ya mihogo isiyokuwapo, nilikosa hata sentensi moja ya kumwambia.

Leo, miaka ishirini baadaye, nafundisha chuo kikuu. Wanafunzi hunisifu kwa pua yangu: kazi ya kughushi naisikia harufu kabla sijaifungua. Hawajaniuliza pua hiyo ilisomea wapi.

Mwaka juzi nilimkuta mwenzangu yule sokoni Kisarawe, nyuma ya fungu la mihogo. Nikasema mbele ya wateja wake, "Mtani, zile inchi nilizitunga."

Wateja wakacheka. "Wanyamwezi hawa!"

Yeye hakucheka. Alichagua muhogo mmoja mnene, akauweka mbele yangu.

"Haya," akasema. "Pima."