Sugu Begani

Gunia la mchanga wa mtoni lina harufu yake: matope, katani na jasho la aliyelibeba kabla yako. Mwaka ule wa vita, nikiwa na miaka kumi na minne, harufu hiyo iling'ang'ania nguo zangu mpaka mama yangu akachoka kufua. Uwanja wetu wa mpira wa kikapu ulikuwa mtaani kwetu, Buluk, sakafu imepasuka, na kocha wetu, mwalimu wa hesabu, alisema hatugusi mpira mpaka miguu ipate nguvu. Basi kila asubuhi tulichuchumaa na kuinuka, gunia begani, huku wapita njia wakitucheka eti tunajifunza upagazi. Waache wacheke.

Kisha rafiki yangu Lado akasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Askari walimvua shati, wakaona sugu begani, wakasema hiyo ni alama ya mkanda wa bunduki. Walimshikilia siku mbili. Aliporudi, mama naye alinivua shati, akaikuta sugu ile ile kwangu. "Mimi iko na mtoto moja tu," alisema kwa Kiswahili alichorudi nacho kutoka ukimbizini Uganda. "Hiyo mpira imekwisha."

Haukwisha. Nilikasirika, na sioni haya kusema: mwili wangu ulikuwa umemkosea nani? Kocha alimwaga mchanga wote, akatuambia tubebane mgongoni, kwa kuwa mtu haachi sugu. Nikawa natoroka nyumbani kwenda kumbeba Lado.

Siku moja mama akanifumania. Nilijua nitachapwa mbele ya wenzangu. Alinipapasa mabega, akakuta sugu imelainika, akamwambia Lado ashuke, akapanda yeye. "Twende nyumbani. Pita kwa askari." Pale kizuizini askari mmoja akauliza kijana huyu nguvu hizi kazitoa wapi. Mama akamjibu kutoka mgongoni kwangu, "Huyu anacheza mpira. Wewe, mama yako nani anabeba?" Askari akaangalia chini, akatupisha.

Siku hizi nafundisha vijana kwa vyuma vya dukani, na alama zao za begani hazimshtui mtu. Magoti yamemshinda mama, kwa hiyo Jumapili mimi humbeba mpaka kanisani. Kizuizi kiliondolewa zamani. Njia ya mkato ipo, lakini mama haitaki; lazima tupite pale pale, polepole, watu watuone.