Mfuniko wa Sufuria ya Kijiji

Nilimwahidi bibi yangu kwamba siku ya hitima yake nitakwenda mwenyewe kwa jirani kuuomba mfuniko. Alicheka kidogo, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, akasema, "Usinidanganye, mume wangu." Juma lililopita nilirudi Msambweni kuifagia nyumba yake, nikaukuta mfuniko huo nyuma ya mlango wa jikoni. Ndiyo sababu nakusimulia.

Kijijini kwetu palikuwa na sufuria moja kubwa ya harusi na matanga. Wazee waliotutangulia walikuwa wameigawa makusudi: sufuria ikae kwa bibi, mfuniko ukae kwa jirani, upande wa pili wa ua wa makuti. Hakuna aliyeweza kupika bila kumbishia hodi mwenziwe. Wala hakutumwa mtu kuufuata mfuniko. Mwenye haja alikwenda kwa miguu yake, akasalimu, akaketi, akanywa maji, ndipo akasema.

Bibi na jirani hawakuwahi kupiga kura upande mmoja. Jirani alikata miwa katika mashamba ya Ramisi ujana wake wote, na chama chake hakikusemwa vibaya mbele yake. Bibi naye alijifunga leso ya chama chake hata akienda kisimani. Lakini matokeo yalipotangazwa, desturi ilikuwa moja: aliyeshindwa hukuna nazi, na kijiji kizima hula wali. Namwona hadi leo jirani, mzee yule mwenye ndevu, amekalia mbuzi ya nazi, vifuu vimemzunguka, nasi watoto tukinyang'anyana machicha.

"Kuna vizuri, baba!" bibi alimpigia kelele kutoka mekoni. "Kura zimekushinda, na nazi zikushinde?"

"Cheka, bi mkubwa, cheka. Miaka mitano si mingi. Mbuzi hii nitakuachia ikingali na joto!"

Tui likachemka, moshi ukatutoa machozi, na mfuniko ukafunika wali wa watu wote. Bibi alipenda kusema kwamba kura hupita, ila jirani ndiye atakayekuchimbia kaburi.

Kisha nikaenda chuo, nikarudi wakati wa kampeni nikiamini kwa dhati kwamba upande wangu ndio utakaoiponya nchi. Katika kundi la kijiji la simu nikaandika kwamba jirani amenunuliwa kwa pakiti ya unga. Wenzangu wakacheka. Wagombea nao wakaleta sufuria mpya, kila upande yake, na mfuniko wake. Mwaka ule hakuna aliyekuna nazi. Bibi aliniuliza swali moja tu: "Ulimwandikia nini jirani yangu?" Nikatoka nje.

Alipofariki, jirani alikuja na jembe, akachimba kaburi, akaondoka bila kunitazama. Asubuhi ya hitima wapishi wakauliza mfuniko. Ulikuwa mwendo wa hatua ishirini. Haya ikanifunga miguu, nikatoa simu nikaandika: "Shikamoo. Tunaomba mfuniko."

Hakujibu. "Wa nini huo?" vijana wa chama wakasema. "Leteni wetu!" Mfuniko wetu ukawa mdogo kwa sufuria ya bibi, tukaongezea kipande cha bati. Wali ukatoka na kiini, mbichi ndani. Nusu ya kijiji haikuja, na waliokuja walikula wakaondoka.

Alasiri niliona mfuniko wa zamani umeegemezwa uani, umesuguliwa kwa jivu hata unang'aa.

"Aliuleta mwenyewe," mpishi mmoja akaniambia. "Akaona mmekwisha funika, akarudi."

Nikajiambia kwamba nitaurudisha hasira zikipoa. Nikarudi chuoni nao ungali jikoni. Habari za kifo cha jirani nilizipata katika kundi lile lile la simu, chini ya maneno yangu ambayo sikuwahi kuyafuta.

Sasa ua wa makuti umekuwa ukuta wa mawe. Harusi za upande huu hupikwa huku, za upande ule hupikwa kule, na watoto hawajui kwamba mzee mwenye ndevu aliwahi kukuna nazi akichekwa, naye akicheka.

Nakuomba jambo moja. Kama kuna mtu uliyemtukana kwa ajili ya chama, usimwandikie. Nenda kwake leo, kwa miguu yako, umbishie hodi.