Namba za Mawese

Ilianza Siku ya Mungu, Jumapili, saa saba ya mchana, baada ya misa ya pili, mbele ya jiko la mama mudogo kule Vulamba, mtaa wa Butembo. Wasichana wa klasi yetu walikuja na shemize zao, mashati meupe ya masomo, wakaniwekea mikononi moja-moja bila kunitazama sana. Saa tisa walikuwa na mechi ya mupira wa mikono na klasi ya nne. Timu zote zinavaa shemize ile ile, na mwalimu alisema: bila namba, hakuna mechi.

Kapitene alikuwa ameona michoro nyuma ya kaye yangu, daftari ya jeografia: watu wanaruka, mikono juu, mupira unatoka.

"Weye wa Beni, unajua kuchora. Utuwekee namba."

Mimi siwezi kucheza mbele ya watu. Mguu unakuwa mti. Lakini kuwaangalia wanaocheza na kuwachora, hiyo napenda kupita chakula. Na tangu nifike Butembo, hakuna mtu wa klasi aliyekuwa ameniomba kitu.

Baba na mama walinituma huku wakati askari walianza kulala katika nyumba za watu kwetu Beu, mtaa wa Beni. Mama alinipa bidon ndogo ya mawese, maana Butembo ni baridi, hakuna michikichi. Kisha barabara ikafungwa, na habari zao zikafungwa nayo. Mawese yale sikukubali yapikwe. Jioni nilikuwa nafungua kifuniko, nanusa, nafunga.

Kule Beni nilichora wachezaji kwenye ukuta wa jiko letu. Nilisaga tofali, nikachanganya mavumbi yake na mawese. Ukuta wa udongo uliyanywa mafuta, rangi ikakaa. Nikafikiri nguo nayo itakunywa, basi nikafungua bidon ya mama, nikawachorea namba mgongoni.

Nguo haikunywa, rangi ilibaki mbichi. Walivaa hivyo hivyo, saa ilikuwa imefika.

Wa kwanza kusukumwa mgongoni aliacha namba yake katika mkono wa mwenzake. Ule mkono ukashika mupira. Mupira ukapita kwa wote. Mara klasi ya nne nao wako na vidole vyekundu kifuani, mwingine shavuni, na watu pembeni wanapiga kelele:

"Eee! Banacheza na mboga ya sombe, mawese yote!"

"Banawaka mafuta! Leteni chumvi!"

Hata askari waliokuwa wanapita na bunduki walisimama kucheka. Nasema ukweli: ilikuwa nzuri. Kila aliyeshikwa, niliona mahali aliposhikwa. Mechi yote ilikuwa inajichora yenyewe kwenye shemize nyeupe. Nilisahau kuogopa.

Tulishindwa. Mwalimu akasema kesho mwenye shemize chafu haingii klasi.

"Mama Mawese!" kapitene aliniita. "Unaona kazi yako? Weye shemize yako iko safi ku nyumba, donc basi utaingia. Utasoma na viti."

Walishuka wote mtoni kufua, pamoja na wa klasi ya nne. Hakuna aliyesema njoo. Nilikimbia nyumbani kuchukua sabuni ya mama mudogo, nikarudi, nikaiweka juu ya jiwe karibu nao. Mkono mmoja uliichukua. Sikuona ni wa nani. Walisugua, walitukanana, walicheka, na mimi nilikuwa nimesimama juu njiani kama mtu anayengoja gari.

Mavumbi ya tofali yalitoka. Mafuta yalibaki, rangi ya chungwa.

Usiku mama mudogo aliniuliza, "Juu ya nini haukule?"

"Hapana kitu, mama mudogo."

"Batoto ba hapa ni ba baridi sawa mahali pao. Batakuzoea." Akaangalia moto. "Barabara nayo itafunguka." Hilo la pili alilisema polepole.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Nilitandika shemize yangu safi juu ya meza, nikafungua bidon. Mawese yalibaki kidogo chini, nikaiinamisha mpaka tone la mwisho, nikachanganya na mavumbi ya tofali. Nilichora mgongoni namba ambayo hakuna aliyeivaa. Sikungoja ikauke, nilijua haitakauka. Niliivaa, ikanishika mgongo, baridi, na harufu ya kwetu ikanifuata njia yote mpaka kwenye mlango wa masomo, ambapo wale wenye shemize za rangi ya chungwa walikuwa wamesimamishwa nje. Nikaenda kusimama nao.