Ekzosi ya Gari la Bibi Harusi

Uwanja ule wa vipuri, ng'ambo ya reli, ulinuka kabla hujaufikia. Ardhi yake ilikuwa imekunywa oili chafu miaka mingi hadi ikashiba, sasa ilitema. Ukikanyaga, soli ilinata, kisha ikaachia kwa mlio wa mtu anayetafuna mdomo wazi. Watu walikula mihogo kwa mikono ileile iliyotoka kufungua giaboksi, wakatema makohozi palepale, na hatua moja kutoka kwenye makohozi wakatandaza taa na vioo vya magari kama wachuuzi wanavyotandaza vibua.

Huko ndiko Gaudens alikokwenda kuchagua ekzosi, mwaka tisini na sita, Jumatano moja yenye joto la kuchefua.

Alikuwa mtu wa Bukoba, jirani yetu wa Mtoni. Zamani alikuwa karani wa shirika la umma, mtu wa kaunda suti na kalamu mbili mfukoni, aliyewahi kumfukuza ofisini mgeni aliyemletea mbuzi. Shirika lilipouzwa, alitolewa nje pamoja na viti. Akaingia bandarini kugomboa mizigo ya watu, na huko akajifunza kucheka na wale aliokuwa akiwafukuza. Mwishowe akanunua gari, Toyota Chaser jeupe lililolala chini, lenye bawa mgongoni, mtumba wa Japani. Alilifuta vumbi kwa fulana zake mwenyewe. Mkewe, Felicitas, alikuwa akisema gari lile limemrudishia mumewe shingo.

Jumamosi ya wiki ile Lulu, binti wa nyumba ya pili, alikuwa anaolewa, na gari la bibi harusi lingekuwa la Gaudens. Heshima hiyo haikuwa yake tangu mwanzo. Ilikuwa ya Mzee Mbwana, kaka wa mama yake Lulu, ambaye mtaa mzima tulimwita Mjomba. Katika ukoo wao mjomba ndiye anayemtoa mtoto nyumbani, na Mjomba alikuwa na Toyota Mark II yake, pacha wa Chaser, ya kumtolea. Lakini mwezi uliotangulia alikwenda kuzika Ukonga. Watu walipokuwa wakiitikia dua makaburini, wezi waliingia chini ya gari lake wakakata ekzosi, wakaondoka nayo. Alirudi Mtoni gari likibweka kama mbwa mwenye koo bovu, akaliegesha ukutani, hakuliwasha tena.

Basi mtaa ukamgeukia Gaudens. Mtu wa bara, Mkristo, kukabidhiwa bibi harusi wa watu wa pwani! Alilipokea jambo hilo kama cheo. Shida ni kwamba ekzosi yake mwenyewe ilikuwa imeoza, inaning'inia kwa waya.

Dalali aliyempokea uwanjani aliitwa Farhan, mtu mnene mwenye povu la mirungi pembeni mwa mdomo.

"Chagua, braza," alisema. "Kuna ya kuchomelea hapahapa, haina sauti, ya wazee wa kanisa. Kuna mpya ya Dubai, inalia kama kopo. Halafu kuna hii, ya watu wenye magari."

Akaivuta kutoka chini ya turubai. Bomba nene, silensa ndefu, mdomo mpana kama kikombe cha uji. Akaipiga kofi, nayo ikaitika kwa sauti nzito iliyokaa hewani.

"Hii ukipita nayo Kilwa Road, hata wafu wanaulizana nani kapita."

"Imetoka wapi?"

"Japani. Kwani wewe umevaa suruali ya wapi?"

Waliomzunguka wakacheka. Gaudens aliinama, akalamba kidole, akasugua masizi karibu na kiungio. Chini ya masizi kulikuwa na namba zilizochongwa kwa mkono. Sisi wote tulikuwa tukichonga namba za magari yetu kwenye vioo na taa ili wezi wasizitake. Mjomba peke yake, kwa woga wake, alichonga hadi kwenye ekzosi. Gaudens alizijua namba hizo. Aliegesha nyuma yake kila siku.

"Hii ni ya jirani yangu," alisema.

Farhan hakushtuka. "Basi mwambie aje. Mwenye mali tunampunguzia, ndo utaratibu wetu. Sie hatumnyimi mtu chake."

Alilisema hilo kwa upole, kama mtu wa huruma, na hilo ndilo lililokuwa linatapisha kuliko harufu yote ya mahali pale.

Gaudens alisimama, bomba mikononi. Akimwambia Mjomba, Mark II itaamka, na bibi harusi atarudi kwa mwenyewe. Naye Gaudens atafuata nyuma kwenye msafara, amebeba masufuria. Akamgeukia kijana mmoja aliyekuwa kando ameshika mashine ya kusaga chuma.

"Futa hizo namba."

"Umesema ya jirani," Farhan akamkumbusha, akitabasamu.

"Futa."

Cheche zikaruka. Walimfungia ekzosi mchana uleule. Felicitas alipouliza ameipata wapi, alimwambia ya Dubai.

Jumamosi mtaa ulijaa kanga na manukato. Mjomba, ndani ya kanzu iliyopigwa pasi vizuri, alitoka amemshika Lulu mkono, vigelegele vikiwasindikiza. Gaudens akawasha gari, na ile sauti nzito ikajaza uchochoro. Vijana wakashangilia. Mjomba akasimama. Alimwachia Lulu mkono, akazunguka nyuma, akachuchumaa, kanzu ikigusa matope. Pale palipokuwa na namba zake palikuwa na kovu la chuma linalong'aa.

Gaudens alishuka. "Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Kazi safi," Mjomba alisema, akijifuta kidole. "Waliofuta wana mkono mzuri."

"Mjomba, mie nilikuta tayari..."

"Fungua mlango. Mtoto anatota jasho."

Akamwingiza Lulu, akamkunjia shela lisibanwe, akafunga mlango taratibu. Kiti cha mbele kilikuwa chake. Ndivyo ilivyo desturi. Alikipita, akaenda kupanda pikapu ya vyombo, akakaa kati ya masufuria na majamvi.

Msafara ukaanza. Njia nzima watu walitoka madukani kusikia gari linalonguruma vile, wakapunga mikono.

"Mjomba mbona hakupanda na sisi?" Lulu aliuliza.

Gaudens akakanyaga mafuta. Lulu aliuliza tena, kwa sauti zaidi, naye akakanyaga zaidi.