Niliuza ng'ombe wawili nikanunua processor na motherboard ya juu kabisa: yaliyonipata hapa Isiolo

Wakuu, salaam aleikum, na wale wa habari, habari zenu.

Sina duka la kompyuta na sijatumwa na mtu. Hii ilinipata mwenyewe, na mahali nilifanya ujinga nitasema ni ujinga.

Kazi yangu ni kurekodi harusi, upande wa akina mama peke yake. Kwa wasiojua, kwetu kwenye hina mwanaume haingii. Mabuibui yanavuliwa, nywele ziko nje, watu wanacheza mpaka jasho. Kwa hivyo narekodi mimi, naedit mimi chumbani kwangu Kiwanjani, nampa bibi harusi flash moja, halafu nafuta kila kitu.

PC yangu ilikuwa mzee. Unaanzisha export, ile kutoa video iliyokamilika, asubuhi, unapika, unafua, ukirudi bado iko nusu.

Nikasoma nyuzi humu. Karibu kila mtu alisema rahisi ghali, nunua processor ya juu kabisa na motherboard ya kuifaa, usahau mambo ya kuupgrade. Siwalaumu, nilitaka kusikia hivyo.

Nilikuwa na ng'ombe wawili Kulamawe. Mmoja akawa processor. Wa pili akawa motherboard yenye mataa kama duka la simu.

Mama aliiangalia, akaniuliza, "Na hii itazaa lini?"

Nilicheka tu. Miezi miwili ya kwanza nilijiona bingwa.

Ikaja harusi ya msichana nitakayemwita Habiba. Hina ilikuwa Alhamisi, na Jumanne alikuwa anaondoka na bwanake kwenda Moyale. Nikaweka footage kwa mashine, nikafuta memory cards siku hiyo hiyo kama kawaida yangu. Nakala nyingi ni hatari, ndivyo nilivyoamini.

Jumapili mchana stima ikapotea, ikarudi kwa nguvu, ikapotea tena. Iliporudi mara ya pili mashine haikuwaka. Mataa yote kimya.

Wakuu, niliogopa, na sikuwa nawaza ng'ombe. Hina yote ya Habiba ilikuwa humo, wamama wa mtaa mzima bila buibui, na sina nakala nyingine. Ikipotea, nimemharibia harusi. Ikionwa na mwanaume, hakuna nyumba itanifungulia mlango tena.

Jumatatu nikaibeba hadi kwa fundi mmoja mjini, Mmeru, tunamwita Baba Mwenda. Akapima, akasema processor ni nzima, board ndiyo imekufa. Akaniambia nimwachie, atatoa video aniwekee kwa flash.

Nikaanza kumweleza kwa nini haiwezekani. Hakungoja nimalize, ameishi Isiolo miaka mingi. Akachomoa SSD, ile disk mpya yenye video zote, mbele yangu, akanipa mkononi bila kuiunganisha na kitu chochote, akaniuzia kikasha cha kuichomeka kwa USB.

Kisha akasema maneno yaliyonifanya niandike uzi huu. "Dada, board kama hii sina, na hata Meru sioni ukipata. Ungekuwa na ile ya kawaida, saa hii ningekuwa nimekubadilishia."

Nikarudi kwa ile PC mzee, niliyokuwa nimeiacha kwa kona. Nikachomeka SSD, nikatengeneza nakala nyepesi za clips za kufanyia editing, nikaanza. Mzee alienda wakuu. Sisemi alikimbia, lakini sikuwahi kumwona akitembea hivyo. Kumbe miaka yote shida ilikuwa hard disk yake ya zamani, processor nilikuwa naisingizia bure.

Kufikia magharibi export ilikuwa imeisha.

Jumanne asubuhi nikapeleka flash. Mama Habiba alinipokea mlangoni. Hakuuliza cores wala quality. Aliuliza, "Kuna mwanaume ameona?"

Nikamwambia ukweli. Mashine iliharibika, fundi aliishika disk mkononi, lakini hakuna aliyeifungua ila mimi.

Akaifunga ile flash kwa pindo la leso, akasema, "Sawa. Ya mdogo wake utarekodi wewe."

Niliondoka pale machozi yakinilenga.

Board nyingine ilifika kutoka Nairobi baada ya wiki tatu. Mashine ni tamu, sitadanganya. Mtu ambaye kazi yake imekwama kwa processor kweli, anunue, hatajuta. Mimi yangu ilikuwa imekwama kwa disk, na sikuuliza.

Ningeanza upya ningechukua processor ya kati, board ambayo fundi wa hapa anayo dukani, UPS ya kushika mashine stima ikipotea, na disk ya pili ya kufungia kwa sanduku. Wateja wangu hawajawahi kunilipia speed. Wananilipa kwa sababu siri yao iko salama, na mimi niliifungia ndani ya kitu ambacho hakuna mtu mjini angeweza kutengeneza.

Mlio na mashine kubwa mbali na Nairobi, zikiharibika mnapeleka wapi? Na dada zangu mnaorekodi kama mimi, nakala ya pili mnaiweka wapi? Semeni, hata kama ni kunicheka.